Naomba ushauri: losheni ya jua yenye rangi kwa ngozi ya maji ya kunde

Ndugu zangu, habari za leo. Ninaishi Mtwara mjini, na madoa yaliyoachwa na chunusi mashavuni yanazidi kuwa meusi kwa sababu ya jua. Losheni ya zinki ya SPF 50 (kipimo cha kinga dhidi ya miale ya jua inayounguza ngozi) isiyo na rangi iliniacha na weupe kama wa unga. Ya pili, yenye rangi, haikulingana na ngozi yangu, ikanifanya nionekane mwekundu, jambo lililonihuzunisha, kwani oksidi za chuma zinazoipa rangi hiyo hukinga pia mwanga unaoonekana, ambao kipimo cha SPF hakiuhesabu.

Je, nichaguaje rangi inayonifaa ikiwa duka haliruhusu kujaribu? Na kwa joto letu la pwani, nirudieje kupaka kila baada ya saa 2 bila kunawa kwanza?