Michoro ya Tingatinga kwa watoto wa Katesh: bei na usafiri

Wakuu, habari. Tunaandaa mnada wa michoro 30 ya Tingatinga (mtindo wa Kitanzania wa kuchora wanyama kwa rangi kali), rangi ya mafuta juu ya kitambaa, kuchangia watoto wa Katesh walioathirika na maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani Manyara, Desemba 3, 2023. Bei ya kuanzia iweje? Na tuisafirisheje?

Jibu: Mkuu, kwanza andikianeni makubaliano na wachoraji. Warudishieni walau gharama ya rangi na kitambaa, na wanunuzi wajue hivyo. Anzieni nusu ya bei ya dukani; chini ya hapo mnaharibu soko la msanii.

Jibu: Usafiri ndio unaoua kazi. Rangi hiyo hukauka juu kwa siku moja, ndani bado laini. Ukiviringisha mapema michoro inagandana, na ukiibandua chui anabaki bila madoa. Subirini wiki mbili, tandazeni karatasi ya kuokea keki kati ya mchoro na mchoro, viringisheni upande wenye rangi ukiwa nje, kwenye bomba la kipenyo cha sentimita 10 au zaidi.

Jibu: Mshindi alipe papo hapo, ndipo achukue mchoro. Na tafadhali, picha za watoto waliofiwa msiziweke kwenye mabango.