Kila taka inaishia ndoo ya njano, naanzia wapi?

Zamu ya Usiku: Habari za kazi wakuu. Nasimamia wodi ya wazazi, hospitali ya mkoa. Ndoo za rangi zote tunazo, lakini karatasi za glovu, maboksi ya dawa, hata chupa za maji za ndugu wa wagonjwa, vyote vinatupwa kwenye njano, ya taka zenye maambukizi. Kichomea taka kimezidiwa, dizeli inalalamikiwa kila kikao, na moshi unaelekea wodi ya watoto. Semina tumefanya, baada ya wiki watu wamerudi palepale. Kwenu mnafanyaje?

Mama Leba: Pole dada. Semina ya nini kama ndoo nyeusi, ya taka za kawaida, iko koridoni? Glovu na bomba la sindano vinafunguliwa kwenye toroli, basi nyeusi ikae hapo hapo. Mwenye mzazi anayesukuma hawezi kwenda kutafuta rangi. Ya ndugu iwekwe mlangoni, nje.

Mchomaji: WHO wanasema kama 85% ya taka za hospitali ni za kawaida, sawa na za nyumbani. Mimi nazichoma zote! Mipira ya dripu na mifuko ya mkojo mingi ni PVC, plastiki yenye klorini. Moto ukiwa hafifu inatoa dioksini, moshi wa sumu. Mkiwa na otoklevu ya taka, mashine inayoua vijidudu kwa mvuke, zipelekeni huko. Chupa za dripu safi zitobolewe kabla ya kuuzwa, la sivyo mtazikuta sokoni zina mafuta ya alizeti.

Daktari Mkimya: Mbona hamgusi glovu zenyewe? Hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, ilianza mwaka 2018 kuacha glovu zisizo na lazima, ikapunguza tani 21 za plastiki kwa mwaka. Kupima presha nawa mikono tu.

Zamu ya Usiku: Leba damu kila mahali, daktari.

Daktari Mkimya: Leba vaeni, hilo halina mjadala. Nasemea wodi ya waliokwisha kujifungua.

Mfagizi Mkuu: Na sisi mtusikilize. Mnatenga vizuri, halafu tunapewa toroli moja ya kukusanyia zote. Na sindano ikiingia nyeusi, msituambie tuichambue kwa mkono. Mfuko mzima uhesabiwe wa njano.

Zamu ya Usiku: Hapo kwenye toroli umenigusa. Jumatatu nahamisha ndoo, ila toroli ya pili utawala watagoma.

Mama Leba: Azima mzani stoo, pima mifuko ya njano wiki hii kabla hujahamisha chochote, kisha upime tena. Mganga mfawidhi mpelekee kilo na bili ya dizeli, mazingira mtajie baadaye.