Nina meshi mpya na kisanduku cha faiba, printa haionekani na SQ haishiki

MwalimuWaSQ

Habari zenu wadau. Naishi Buruburu, Nairobi, mezoneti ya mawe, na uani kuna SQ, kile kijumba cha mfanyakazi, ambayo ndiyo darasa langu. Nafundisha Kiswahili kwa video, wanafunzi ni watoto wa Wakenya walioko Marekani na Uingereza, kwa hiyo majirani wakizima taa mimi ndio naingia kazini.

Kisanduku cha faiba kiko sebuleni chini ya televisheni. Waifai yake inafika jikoni ikihema, SQ haifiki kabisa. Nikashuka mtaa wa Luthuli nikanunua meshi, yaani vipande vya kusambaza waifai moja nyumba nzima, vitatu, TP-Link Deco. Cha kwanza nimekiunga kwa waya kwenye kisanduku, cha pili kiko juu penye ngazi, cha tatu ndani ya SQ. Nyumba kubwa sasa raha tupu. Yaliyobaki ni haya.

Kipande cha SQ kinawaka nyekundu. Kikishika kinashika kidogo tu, mara mtoto wa watu anasoma "ng'ombe" na kuganda mdomo wazi kwenye skrini.

Halafu printa. Iko kwenye waifai ya zamani. Simu ikiwa kwenye meshi haiioni, nikiirudisha kwenye ya zamani inaiona. Mpwa wangu kanichunguzia namba: printa ni 192.168.1.23, simu kwenye meshi ni 192.168.68.51. Anasema suluhisho ni kununua ruta nyingine. Nisaidieni kabla sijamsikiliza. Na msiniondolee ile sehemu ya Deco ya kumpangia mtoto saa za kuzimiwa mtandao, maana nusu ya sababu ya kuinunua ni hiyo.

JiraniWaDonholm

Piga simu kwa wanaokuuzia intaneti, waambie wakiweke kisanduku katika hali ya daraja, yaani kipitishe intaneti tu, Deco ibaki ruta peke yake. Mimi walinifanyia hivyo wala hawakuja nyumbani.

FundiNyaya

Mwalimu, ruta nyingine usinunue, lakini kwa hizo namba mpwa wako amefanya kazi ya fundi. Tazama fungu la tatu: printa 1, simu 68. Hiyo ni mitandao miwili ndani ya nyumba moja. Kisanduku ni ruta na kinagawa anwani zake. Deco nayo, ukiitumia jinsi ilivyotoka kwenye katoni, ni ruta na inagawa zake. Simu ikitafuta printa inapiga hodi kwenye milango ya mtandao wake tu, na printa haikai huko.

Wengi watakwambia uigeuze Deco iwe akses pointi, yaani irushe waifai tu, kazi ya kugawa anwani ibaki kwa kisanduku. Ni njia safi, na mteja asiye na watoto ndiyo ninayomwekea. Ila ukienda huko, saa za mtoto zinaondoka, kwa sababu Deco si msimamizi wa mtandao tena. Kwa hiyo wewe iache iwe ruta, zima waifai ya kisanduku, vitu vyote vihamie Deco. Utabaki na NAT mara mbili, yaani ruta mbili zikibadilisha anwani moja baada ya nyingine, jambo ambalo watu hulitisha kupita kiasi. Video inapita, WhatsApp inapita, benki inapita. Anayeumia ni mwenye kamera anayetaka kuifikia moja kwa moja kutoka nje, au kijana wa gemu. Huyo ndiye wa daraja la jirani wa Donholm.

Ukiwa kwenye Deco, fungua 192.168.1.1 kwenye kivinjari. Jina na nenosiri mara nyingi viko kwenye stika chini ya kisanduku. Zima waifai zote mbili, ya 2.4 GHz na ya 5 GHz. Usiingie kupitia waifai ya kisanduku chenyewe, utakuwa unakata tawi ulilokalia. Ukikuta wamefunga, waombe waizime kutoka kwao. Kisha ipe Deco jina lile lile la waifai ya zamani na nenosiri lile lile, herufi kubwa kwa kubwa. Printa na televisheni zitajiunga zenyewe, huna haja ya kuzungukia kila kifaa. Printa ikigoma, angalia kama Deco imewekwa WPA3, ulinzi mpya wa waifai. Printa nyingi za zamani haziielewi. Weka WPA2.

Sasa SQ. Kipande cha meshi hupokea ndipo kigawe, nawe umekiweka mahali ambapo hakuna cha kupokea. Hesabu vilivyo njiani: ukuta wa mawe, mlango wa chuma, pengine na tangi la maji uani. 5 GHz ndiyo yenye kasi na ndiyo inayochoka mapema kwenye mawe. Kitoe humo, kiweke dirishani jikoni kiitazame SQ kupitia kioo.

Lakini kwa mtu anayekula kwa video mimi ningevuta waya. Cat6, waya wa mtandao, ya nje, ndani ya paipu, ya shaba tupu. Ipo ya alumini iliyopakwa shaba, bei rahisi, hukatika upesi ikikunjwa. Mwambie muuzaji akukwaruzie ncha uone rangi ya ndani. Upande wa nyumba uchomeke kwenye Deco ya sebuleni, USICHOMEKE kwenye kisanduku. Matundu yanafanana na mafundi wengi hutia popote. Ukitia kwenye kisanduku, kipande cha SQ kitakuwa upande wa 192.168.1, nyuma ya mgongo wa Deco, na utarudi hapa kuuliza swali jingine.

MwalimuWaSQ

Fundi, Mungu akubariki. Walikuwa wamefunga, nimepiga simu wakaizima. Printa imejiunga bila mimi kuigusa, nimetoa mazoezi ya kesho kutoka kwenye simu. Kijana tayari ananuna. Kipande kiko dirishani jikoni na SQ inashika, ila soketi ni moja na friji inaitaka. Waya nitavuta. Je, stima ikipotea katikati ya kipindi?

JiraniWaDonholm

UPS ndogo za volti 12, zile betri za kushikilia stima ikipotea, zipo Luthuli hapo hapo ulikonunua meshi.

FundiNyaya

Zipo, lakini soma kwanza maandishi kwenye kila chaja: volti zilingane, na ampea za UPS zisiwe chini ya zile za kifaa. Kisanduku na Deco ya sebuleni lazima vyote viwe na umeme, na cha SQ kiwe na UPS yake. Cha ngazini kiache kizimike. Waya ukishafika SQ, kile cha jikoni ndicho utakachokirudisha huko, kwa hiyo friji ivumilie kidogo.