Drili mpya ya kusimama imenitemea chaki (kichwa kinachobana biti) ikiwa inazunguka, na muuzaji ananilaumu mimi

Wakuu, naandika nikiwa bado na hasira. Nimenunua drili ya kusimama, mpya, nimeitoa mwenyewe kwenye boksi na kuiunga kwa kufuata kitabu chao ukurasa kwa ukurasa. Tundu la tatu tu, chaki ikachomoka na biti yake, ikadunda mezani huku inazunguka, ikapita sentimita chache kutoka kwenye mkono wangu. Bahati chuma nilikibana kwenye jiliwa. Ningekuwa nimekishika kwa mkono, sijui.

Chanzo ni grisi. Kiwandani wanaipaka koni ya spindeli, yaani ncha iliyochongoka ya mhimili unaozungusha chaki, na tundu la chaki linaloivaa, ili visishike kutu njiani. Sasa koni ile haina skrubu wala pini, inashika kwa msuguano peke yake, chuma kikavu kwa chuma kikavu. Ukibaki utando mwembamba wa mafuta, haishiki. Ilitakiwa nifute pande zote mbili kwa thina mpaka kitambaa kitoke safi, nirudishe meno ya chaki ndani kabisa, halafu niigonge kutoka chini kwa nyundo ya mbao. Kazi ya dakika tano! Kitabu kinasema ingiza chaki, basi. Lakini jinsi ya kufunga vile vishikio vitatu vya mkono, ambavyo hata mtoto angevifunga, wameweka kurasa mbili na michoro.

Nikawapigia walioniuzia. Jibu: "Fundi, hukuikaza vizuri." Niikaze kwa nini, na spana ya wapi? Hakuna cha kukaza pale!

Meza nayo imeinama. Mshale uko kwenye sifuri, lakini nilipokunja waya, nikaubana kwenye chaki na kuuzungusha kwa mkono, kushoto unakwaruza, kulia unapita hewani. Kumbe sifuri yao ni stika tu. Mkanda wameuacha kwenye puli za mwendo mkali kuliko zote, wakati biti ya mm 10 ya kawaida kwenye chuma laini inataka kama raundi 800 kwa dakika. Mgeni wa mashine hizi ataunguza biti siku ya kwanza na kudhani biti ndiyo mbovu. Na kuhusu kuifunga kwenye benchi kwa bolti, hakuna hata neno, ilhali uzito wote wa mashine uko juu.

Kinachoniuma zaidi ni dhamana. Chaki sasa inayumba, biti inachora duara kabla ya kuingia. Wanasema hawaibadilishi kwa sababu "iliangushwa". Nani aliiangusha? Ilitoka yenyewe ikiwa kazini, kwa kasoro ya maelekezo yao!

Aliyewahi kudai chaki kwa hali kama hii akapewa, aniambie aliwaandikia nini na aliambatanisha ushahidi gani. Picha za koni ikiwa na grisi yake ninazo.