Mrejesho: boksi zito lililokuwa likinitetemesha mikono

Wapendwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini boksi la kilo 20 linanitetemesha mikono nikiwa nimesimama nalo tu, na kwa nini huniponyoka upande mmoja.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni kulileta boksi mwilini. Nilikuwa nalishika mbali, mikono imenyooka mbele. Uzito wa kilo 20 ni karibu nyutoni 200 (nyutoni ni kipimo cha nguvu). Zikiwa sentimita 50 mbele ya kiuno, mgongo unapambana na msokoto, yaani nguvu ya kupindua (nguvu mara umbali), wa nyutoni-mita 100. Ukilivuta hadi sentimita 25, msokoto huo unabaki nusu. Na boksi ni lile lile! Aliyenieleza kwamba msuli uliokaza bila kulegea hubana mishipa yake ya damu, ndiyo maana unachoka upesi hata usiposogea, amenifumbua macho kwelikweli.

Kuhusu kuponyoka: nilikuwa nabana pande mbili kwa viganja, jasho likitoka linateleza. Sasa mkono mmoja uko chini ya kona, mwingine juu kwenye kona ya mkabala. Wa chini unabeba, wa juu unazuia lisipinduke. Vitu vizito navipanga chini, upande wa kifuani.

Vidole bado vinauma kidogo pale kona inapokaa, ila glavu zimepunguza. Kiuno kimetulia, mikono haitetemeki tena. Jana nimebeba maboksi sita, nikipumzika kila baada ya mawili. Asanteni sana, ndugu zangu.