Leela hakuagwa, alitelekezwa: malalamiko yangu kuhusu mwisho wa The Invasion of Time

Wakuu, salaam. Naileta hii jamvini bila kuipaka sukari.

Tukizungumzia jinsi wandani (wasafiri wenza) wa Daktari walivyoagwa katika Doctor Who ya zamani, ile tamthilia ya BBC ya Daktari anayesafiri katika wakati, wote tunakimbilia kwa Sarah Jane Smith, mwandani aliyemtangulia Leela, na ni haki yake. Lakini huku tunamlilia Sarah, yuko mwanamke aliyesimama mbele ya Daktari na kisu mkononi kwa visa 9, sehemu 40, kuanzia 1 Januari 1977 hadi 11 Machi 1978, na siku ya kuondoka hakupewa hata tukio moja la kwake. Namsema Leela wa kabila la Sevateem, aliyeigizwa na Louise Jameson. Aliachwa Gallifrey, sayari ya kwao Daktari, akabandikwa mume, Andred, mlango ukafungwa. Miaka imepita na bado kuna watu wanatuambia "si aliolewa, mnataka nini zaidi?" Hapo ndipo hasira inapoanzia.

Kwanza tukumbushane alikuwa nani. Chris Boucher alimwandika Leela katika The Face of Evil, na jina alilitoa kwa Leila Khaled wa Palestina. Anapotokea mara ya kwanza yuko kwenye baraza la kabila lake akihukumiwa kwa kumkana mungu wao, Xoanon. Baba yake anakufa akibeba adhabu kwa niaba yake. Kisa kinapokwisha hasubiri kukaribishwa: anampita Daktari na kuingia TARDIS, chombo cha Daktari cha kusafiria, mwenyewe. Huyo ndiye Leela, mtu anayeamua kwa miguu yake. Katika The Robots of Death anamtambua Poul kuwa ni mwindaji kwa kumtazama anavyotembea tu. Katika The Talons of Weng-Chiang anakula nyama kwa mikono mezani, na Profesa Litefoot, muungwana wa London, anaweka kisu na uma chini ili asimwaibishe mgeni wake. Katika Horror of Fang Rock, ndani ya mnara wa taa, anawaambia mabwana wakubwa wafuate amri ya Daktari la sivyo atawatoa moyo, na sauti yake haitetemeki.

Sasa njoo The Invasion of Time, sehemu 6, kuanzia 4 Februari 1978. Daktari anajifanya msaliti, anadai urais wa Gallifrey, na ili mpango wake usisomwe na Wavardan, wavamizi wanaosoma mawazo, anaamuru Leela afukuzwe nje ya Ngome. Leela anakubali kwenda nyikani kwa sababu anaamini Daktari ana sababu. Hakuna mtu mwingine katika kisa kizima anayemwamini kiasi hicho. Anakwenda huko na Rodan, mwanamke wa Gallifrey, anakutana na wale walioukimbia mji, anarudi nao na mikuki na pinde kuukomboa mji wa watu wasiomtaka. Mpaka hapo ni kazi safi kabisa, Leela katika ubora wake.

Wakati huo Andred yuko wapi? Yuko ndani ya Ngome. Ni kamanda wa walinzi, ana njama yake ya kumwua Daktari, inashindikana ndani ya TARDIS kwa sababu silaha yake haifanyi kazi mle. Yaani kwa sehemu kubwa ya katikati ya kisa, hawa wawili tunaoambiwa wamependana wako pande mbili za ukuta! Mmoja jangwani, mwingine kwenye kasri. Wanakuja kuwa pamoja kwenye kundi moja pale Wasontaran, wavamizi wa pili, walipokwisha kutokea, yaani baada ya sehemu ya 4, na hapo wote wanakimbizwa kwenye korido.

Usinikubalie kwa maneno, hesabu mwenyewe. Chukua karatasi, gawa safu tatu: sehemu, dakika, nani anazungumza na nani. Tazama zote 6 kwa mpangilio na uandike kila mara Leela na Andred wanapozungumza wao kwa wao, si kwenye kundi. Halafu weka alama ya pili mahali ambapo maneno yao hayahusu vita, amri wala njia ya kupita. Safu hiyo ya alama za pili ndiyo msingi wa ndoa nzima. Ukimaliza, rudi sehemu ya 6 utazame anapotangaza kwamba anabaki na ameshika mkono wa Andred, kisha uniambie kama unaona mwanzo wa jambo lile popote kabla yake.

Kinachouma zaidi ni mlango. Daktari anaingia TARDIS, anafunga, na akiwa peke yake ndani ndipo anasema kwamba naye atamkumbuka, na anamwita "mshenzi". Sisi tunaozungumza Kiswahili tunajua uzito wa neno hilo, lina historia chafu pwani yote. Lakini kati ya wale wawili lilikuwa limeshalainika, limekuwa karibu jina la nyumbani. Kwa hiyo sentensi pekee ya upendo katika kuagana kote ilisemwa kwa ukuta. Leela hakuisikia. Hajaisikia mpaka leo. Na kabla machozi hayajafika machoni, Daktari anasukuma sanduku lililoandikwa kwamba ndani yake yumo K9 wa pili, mbwa wa bati kama yule wa kwanza, anatabasamu, muziki unapigwa. Mbwa wa bati aliyebaki Gallifrey alipata mbadala papo hapo, na kicheko cha mwisho cha kisa ni cha huyo mbwa.

Najua utetezi unaokuja, niujibu hapa hapa.

Utetezi wa kwanza: mgomo. Ni kweli, kulikuwa na mgomo BBC, studio zikakosekana, ndiyo maana ndani ya TARDIS tunaona kuta za matofali: ni jengo la hospitali la St Anne's, Redhill. Ni kweli pia kwamba mswada uliokusudiwa, wa David Weir, ulitupwa kwa kuwa usingewezekana kwa bajeti ile, na mtayarishaji Graham Williams na Anthony Read wakaandika huu kwa haraka chini ya jina la bandia la David Agnew. Sawa. Lakini mgomo unakunyima mandhari, haukunyimi maneno. Kuagana hakuhitaji mandhari.

Ushahidi ni The Hand of Fear, kisa alichoondokea Sarah, sehemu ya 4, 23 Oktoba 1976. Mahali: chumba cha usukani, na mwishoni kipande cha barabara ya kawaida. Watu: wawili. Vifaa: bundi wa kuchezea, raketi ya tenisi, mmea kwenye chungu, koti. Basi. Elisabeth Sladen (Sarah) na Tom Baker (Daktari) waliyapanga upya maneno yao wenyewe. Tazama linavyojengwa hatua kwa hatua: Sarah ananuna, anatishia kwenda nyumbani, anakwenda kufungasha, akiwa hayupo Daktari anapata wito wa Gallifrey, Sarah anarudi na mizigo yake ya tishio na kukuta tishio limekuwa kweli. Mizigo ile ile iliyokuwa ya kuchekesha inageuka kuwa ya kuondoka. Anamwambia asimsahau, Daktari anamjibu asimsahau yeye. Anashuka, anagundua mtaa si wake, anapiga mluzi, anatazama juu, picha inaganda. Hilo lote ni uandishi na uigizaji. Hakuna senti iliyotumika pale ambayo Williams hakuwa nayo mwaka 1978.

Utetezi wa pili: Jameson ndiye aliyetaka kuondoka, na mtayarishaji alisubiri akitumaini atabadili nia. Huu ndiyo unaonichoma kuliko yote, kwa sababu ni kukiri kosa. Mwigizaji amekwambia anaondoka, wewe unaiacha nafasi ya kuondoka kwake tupu mpaka dakika ya mwisho, kisha unaijaza na kilicho karibu. Jameson mwenyewe alipendekeza Leela afe akipigana. Wakaona watoto wataumia. Nakubali, kifo kingekuwa kigumu saa ile ya jioni. Lakini kati ya kufa na kuolewa na mtu asiyemjua kuna njia mia.

Utetezi wa tatu: mbona Jo Grant, mwandani mwingine, naye aliolewa na hatulalamiki? Hatulalamiki kwa sababu The Green Death (1973) inaanza kumuaga Jo kwenye sehemu ya 1, si ya 6. Daktari anataka waende Metebelis 3, Jo anachagua Wales. Anasema Profesa Jones, yule atakayemchumbia, anamkumbusha Daktari akiwa kijana zaidi, na Daktari anabaki akijisemea kwamba kifaranga kinaruka kutoka kiotani. Anapofika kwa Jones anamharibia jaribio, vile vile alivyomharibia Daktari siku walipokutana katika Terror of the Autons. Halafu wanapewa sehemu 6 za kubishana, kuugua, kuokoana. Mwishoni watu wanashangilia uchumba, Daktari anamaliza kinywaji chake, anatoka kimya na kuendesha gari lake jioni inapoingia. Ndoa ile ile, sehemu 6 zile zile. Tofauti ni kwamba mtu aliketi akapanga.

Na kuna hili ambalo sioni likitajwa vya kutosha. Sarah aliachwa kwa sababu Daktari hakuweza kumpeleka Gallifrey. Miezi kumi na sita tu baadaye Leela anaingia Gallifrey, anafukuzwa Ngome kwa kisingizio kwamba ni mgeni, anarudi kuwaokoa, kisha anaachwa aishi huko maisha yake yote, ndani ya kuta, katikati ya watu wanaovaa majoho na kola ndefu wasiojua hata kuwasha moto. Mwindaji! Kama ilikuwa lazima abaki, jibu lilikuwa limesimama nje ya mlango: wale wa nyikani. Wanawinda, wanaishi chini ya anga, na Leela ndiye aliyewaongoza vitani.

Kuirekebisha kungehitaji hivi, bila seti mpya wala mwigizaji wa ziada. Sehemu ya 1, sekunde thelathini: Andred anamnyang'anya kisu na kushindwa, wote wawili wanaheshimiana. Sehemu ya 3, nyikani, Leela anamwambia Rodan kwamba hapa anasikia upepo kwa mara ya kwanza tangu alipoacha kwao. Sehemu ya 5, katika zile korido za matofali wanazozunguka mara tatu, kata mzunguko mmoja umpe yeye na Andred dakika mbili wakiwa wamejificha. Sehemu ya 6, anampa Daktari kisu chake, na Daktari anamwita "mshenzi" usoni pake, mlango ukiwa wazi. Jumla haizidi dakika tano katika kisa cha karibu dakika 150.

NYONGEZA: Wanaosema wandani wengine walitendewa vibaya zaidi, Peri mwaka 1986, na Liz Shaw aliyeondoka bila kuonekana, akasemewa kwa sentensi za Brigedia, afisa wa jeshi, katika kisa kilichofuata, siwapingi. Fungueni uzi wao, nitakuja kuwaunga mkono. Huu ni wa Leela. Mwenye tukio la Leela na Andred linalonipinga alete namba ya sehemu na dakika, siyo "ilionekana tu kwa macho yao".