Proxmox 8 na TrueNAS kwa iSCSI: LUN moja inaonekana mara mbili, seva ya pili inagoma

seva_tatu: Wakuu, salaam. Nina klasta ya seva 3 za Proxmox VE 8 (mfumo wa kuendesha mashine pepe) na boksi moja la TrueNAS (seva ya hifadhi), kila mashine ina poti 2 za 10G. LUN ya TB 4 ya iSCSI (diski inayofikiwa kupitia mtandao) inaonekana kwenye seva zote, ila inakuja kama sdb na sdc. Nimejenga LVM-thin (njia ya kugawa diski kwa mashine pepe) juu ya sdb. Seva ya kwanza iko sawa, ya pili inagoma. Nihamie NFS (kushiriki mafaili badala ya diski)?

poti3260: Mkuu, kwanza usiwashe mashine pepe yoyote kwenye seva ya pili. LVM-thin haishirikishwi: kila seva huandika ramani ya data ikidhani iko peke yake, na mbili zikiandika pamoja umeharibu kila kitu. Chukua bekapu, hamishia diski kwenye hifadhi nyingine, futa hiyo thin.

sdb na sdc ni LUN ileile iliyofika kwa njia mbili. Weka multipath-tools (inaunganisha njia hizo kuwa kifaa kimoja) kwenye seva zote 3, soma WWID (namba ya kipekee ya LUN) kwa `/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb`, iandikishe kwa `multipath -a` ikifuatwa na hiyo WWID, kisha `multipath -r`. `multipath -ll` ioneshe kifaa kimoja, mfano mpatha (au WWID yenyewe kama hujawasha user_friendly_names), chenye njia 2 hai. Sasa `pvcreate` na `vgcreate` juu ya kifaa hicho, mfano /dev/mapper/mpatha, kwenye seva moja tu. Ongeza LVM ya kawaida kwenye Datacenter > Storage na utie tiki Shared. Kwenye iSCSI yenyewe, toa tiki ya "Use LUNs directly".

kebo_fupi: Poti mbili ziwe subneti mbili tofauti, mfano 10.10.10.0/24 na 10.10.20.0/24. Na kama seva zilikloniwa, linganisha /etc/iscsi/initiatorname.iscsi (jina la kila seva kwenye iSCSI). Jina likifanana, zitafukuzana usiku kucha.

Umeweka MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) 9000? Jaribu `ping -M do -s 8972` kutoka kila seva.

seva_tatu: Duh, seva ya tatu ping hiyo haipiti, ya kawaida inapita. Na snapshoti (picha ya hali ya diski ya kurudia) nichukulie TrueNAS?

kebo_fupi: Basi mahali fulani kwenye njia yake, pengine poti ya swichi, MTU imebaki 1500. Seva ya hivyo huunganika vizuri (pakiti ndogo hizo) halafu huganda ukianza kuandika. Kama swichi huiwezi, rudisha pande zote 1500, hutakosa usingizi.

poti3260: Snapshoti ya TrueNAS inashika zvol nzima (diski yote iliyo nyuma ya LUN). Ukiirudisha, mashine pepe zote zinarudi nyuma pamoja. LVM ya kawaida kwenye Proxmox 8 haina snapshoti.

mama_zfs: Kwa seva 3 mimi ningekwenda NFS bila kusita. Diski za qcow2 (kila diski ni faili) zinakupa snapshoti ya kila mashine, na multipath huihitaji. Kwenye TrueNAS weka Maproot User iwe root, la sivyo Proxmox itaunganika halafu ikose ruhusa ya kuunda faili.

Kinachouma ni uandishi: NFS inasubiri data itue diskini. Ukiona polepole, ongeza SLOG (diski ya haraka ya kupokea uandishi huo) ya SSD inayolinda data umeme ukikatika. Mtu akikushauri `sync=disabled` (kuzima kusubiri huko), muulize kwanza UPS yake inadumu dakika ngapi.